Kibanda cha Susu Kilichochipua

Mwaka jana, mwezi wa kumi, nilirudi kijijini kwetu Kalama kwa shughuli isiyo na utukufu wowote: kumwonyesha mpima ardhi mahali mpaka wa shamba letu unapopita. Familia ilinichagua mimi kwa kuwa nimesoma, na kwetu aliyesoma ndiye hutumwa kusimama juani na kutikisa kichwa kana kwamba anaelewa. Mpima ardhi alikuwa na chombo chake cha miguu mitatu. Mimi nilikuwa na viatu visivyofaa. Tulipofika nyuma ya mahali palipokuwa jiko la Susu, alisimama akauliza, "Hii miti minne, nani aliipanda hivi?"

Nikaitazama. Miti minne mifupi, minene, imesimama pembe nne za mraba, kama meza iliyogeuzwa miguu juu. Katikati hapakuwa na kitu ila majani makavu na mbuzi mmoja wa binamu yangu. Nilicheka mpaka yule bwana akanisogelea kuhakikisha kwamba jua halijanipiga. Hakuna aliyeipanda, rafiki yangu. Ile ilikuwa nyumba, na ndani yake niliwahi kunyeshewa nikiwa na furaha ambayo sijaipata tena chini ya paa lolote nililolipia kodi.

Susu ndivyo sisi Wakamba tunavyomwita nyanya. Huyu wangu alijifunza kusoma akiwa mtu mzima, katika darasa la ngumbaru lililofanyika jioni shuleni kwetu, wanawake wazima wamekunja magoti chini ya madawati ya watoto. Sisi tuliosoma utotoni tuna ujanja wa kuruka kurasa. Susu hakufundishwa kuruka. Alichukua Biblia yake akaanzia mwanzo kabisa, mstari kwa mstari, kama anayepalilia, na nilipoingia shule ya msingi alikuwa amefika katika zile sheria za Musa ambazo watu wengi huzipita mbio wakielekea kwenye vita. Hapo akakuta sikukuu za Wayahudi zimepangwa moja baada ya nyingine, na kila moja imeambiwa ni ya milele.

Akamwendea mwalimu, jirani yetu, ambaye ndiye aliyemfundisha kusoma. "Mwalimu, milele iliisha lini?"

Mwalimu alikuna kichwa akasema ataulizia. Mpaka anastaafu alikuwa bado anaulizia.

Basi tukaanza kuzishika. Nasema tukaanza, lakini waliohusika walikuwa Susu, mimi na binamu zangu watatu tulioishi kwake. Babu hakuwemo. Babu alikuwa katekista mstaafu, Mkatoliki wa koti na tai, na aliona kwamba sikukuu za Kanisa zilimtosha kabisa mtu mmoja kwa mwaka. Hakukataza. Alituangalia tu kutoka kibarazani, kama anayetazama mechi ya timu asiyoishabikia.

Hujui furaha ya mwaka wenye sikukuu nyingi namna ile! Watoto wengine wa Kalama walikuwa na Krismasi, kisha jangwa la miezi kumi na miwili. Sisi tulikuwa hatujamaliza kuosha sufuria za sikukuu moja, nyingine inabisha. Susu alihesabu miezi kwa mwezi wenyewe, ule wa angani. Ukikaribia kuandama, tulipanda kwenye mwamba ulio juu ya shamba, tukapigania kuwa wa kwanza kuuona, na aliyeuona alipewa kipande cha muwa. Ninawajua binamu zangu wawili waliouona mwezi mara nyingi zaidi kuliko mwezi ulivyotokea.

Chukua Pasaka. Kwa siku saba hupaswi kula kitu chenye chachu, na Susu akaketi kufikiri ni mkate gani hapa Kalama usio na chachu. Jibu lilikuwa moja: chapati. Sasa kumbuka zama zile. Chapati ilikuwa chakula cha Krismasi, ikigawanywa kwa uangalifu, na mtoto aliyepata mbili alisimuliwa shuleni mpaka Februari. Musa aliuita mkate wa mateso. Rafiki yangu, tuliteseka. Tuliteseka asubuhi kwa chai na tukateseka jioni kwa ndengu. Mboga chungu iliyoamriwa ilikuwa managu, ambayo Susu aliipika bila maziwa ili uchungu usipungue, lakini nani angelalamikia managu wakati chapati iko mkono wa pili? Watoto wa jirani walitaka kujua ni wapi mtu hujiandikisha kuwa Mwisraeli.

Kabla ya hapo tulisaka chachu nyumba nzima. Tulifagia chini ya vitanda, tukakung'uta makopo, tukapeleka kipakiti cha hamira kwa jirani kama anayehamisha mgonjwa. Babu alikuwa na nusu mkate wa duka aliouficha katika sanduku lake, pamoja na rozari, kwa ajili ya chai ya alfajiri. Susu alijua, sisi tulijua, panya walijua. Binamu yangu mdogo alipolisogelea sanduku, Susu alimshika sikio taratibu. "Mpaka wa Israeli unaishia hapo," akasema.

Baadaye zilikuja siku za kuhesabu majuma, na mwisho wake mikate miwili ikaokwa katika sufuria, makaa chini na makaa juu ya kifuniko, harufu ikavuka mto mkavu hadi upande wa pili. Ikaja siku ya baragumu. Hatukuwa na pembe ya kondoo, tulikuwa na pembe ya fahali, na mapafu yalikuwa yangu, haya haya ninayoyatumia leo kulalamika magazetini. Mara ya kwanza nilipoipuliza, wanaume watano walifika mbio na rungu wakidhani ng'ombe wameibiwa. Susu aliwapa uji. Mwaka uliofuata walikuja bila rungu, wameshika vikombe.

Siku ya upatanisho watu wazima walifunga, maana yake Susu alifunga, nasi watoto tuliruhusiwa uji kwa sharti tuunywe bila sauti. Asubuhi yake alizunguka kwa majirani akiuliza kama kuna ambaye yeye amemkosea. Wengi hawakuwa na kitu cha kusema, ikabidi watafute.

Mwishoni mwa mwaka ilikuja ile ya taa, siku nane, na hii ilikuwa na tatizo. Habari zake haziko katika Biblia ya Waprotestanti kama ya Susu. Ziko katika ya Wakatoliki. Kwa hiyo kila Desemba alilazimika kumwomba Babu, naye Babu, kwa furaha asiyoificha vizuri, alisema Biblia yake haitoki mikononi mwake, lakini kama kuna wanaotaka kusikiliza, yeye hawezi kuwazuia. Akasoma kwa sauti ya kanisani, sisi tukiwa na koroboi nane tulizotengeneza kwa makopo ya mafuta ya kupikia, moshi wake ukitupaka pua nyeusi. Na kabla ya mvua ndefu ilikuja ile ya malkia Esta, ambapo watu hupelekeana chakula. Tulikimbia vijiani na sahani zilizofunikwa, na kwa kuwa kwetu sahani hairudi tupu, tulirudi na viazi vitamu, mayai na mara moja kifaranga hai.

Lakini zote hizo zilikuwa ngazi tu. Juu kabisa ilikaa sikukuu ya vibanda.

Kwa siku saba unaacha nyumba yako na kula katika kibanda cha matawi. Mwezi wa kumi Kalama ni mwezi wa vumbi. Mavuno hayapo, tunatazama mawingu upande wa mashariki. Tulikata nguzo nne kutoka kwenye miti ya ua, tukazichimbia nyuma ya jiko, tukazungushia magunia na mabua, na juu tukaweka matawi mabichi. Tulining'iniza kila tulichokuwa nacho: mapapai, maganda ya mbaazi, mahindi ya mbegu, na mwaka mmoja kalenda ya duka la dawa ya mifugo, kwa sababu ilikuwa na picha ya zabibu. Tulilala humo, tukala humo. Nilikuwa na uhakika kwamba hakuna mtoto katika Kenya nzima aliye na bahati kama yangu.

Doa lilikuwa moja tu, nalo lilikuwa mikononi mwangu. Jioni Susu alipopakua chakula, sahani ya kwanza ilikuwa ya Babu, na mimi ndiye niliyeivusha ua kuipeleka nyumbani, ambako alikula peke yake mezani chini ya picha ya Bikira Maria. Susu alipiga magoti akipakua, akanitazama nikienda, akanitazama nikirudi. Niliporudi mikono mitupu aliniuliza kila mara, "Amesema nini?" Na kila mara nilijibu, "Amesema asante."

Alijaribu mara moja kumwalika kwa maandiko. Alimsomea jinsi Musa alivyoamuru watu wafurahi katika sikukuu hii: wewe, na mwanao, na binti yako, na mtumishi, na mgeni, na yatima, na mjane. Babu alisikiliza kwa heshima zote za katekista.

"Soma tena," akasema.

Susu akasoma tena.

"Mume simsikii hapo," akasema Babu, akavaa kofia yake. Halafu, kwa kuwa aliona uso wake, akaongeza, "Siku Myahudi mwenyewe atakapoketi ale humo ndani, nami nitaingia." Alijua anachofanya. Kalama na Myahudi zilikuwa mbali kama Kalama na barafu.

Miaka ikapita. Mwaka nilipokuwa darasa la saba ukame ulikuwa umekaa kwetu kama mgeni asiyetaka kurudi kwao, na tulikuwa tukisimamisha kibanda mwalimu alipokuja akihema.

"Mwaitu," akamwambia Susu, kwa heshima tunayompa mama wa watu, "kuna Myahudi."

"Wapi?"

"Yuko kwa mradi wa maji kule Kivaa. Ndugu yangu ndiye dereva wake. Kesho kutwa wanakuja kupima mto wetu."

"Myahudi wa kweli ama wa kusoma kama mimi?"

"Wa Israeli kabisa. Ako na pasipoti."

Susu aliketi juu ya mabua. Nilidhani angefurahi, lakini aliogopa. "Miaka hii yote ninapika chakula sijawahi kukionja kwa wenyewe," akasema. "Na akija akanicheka?" Hapo ndipo nilipoelewa kwamba jambo lilikuwa kubwa kuliko mapapai. Majirani walikuwa wamemcheka kwa upole miaka yote, na hilo alilimudu. Lakini kama mwenye sikukuu angemcheka mbele ya Babu, basi ile sahani ingevuka ua maisha yote.

Mtu wa Maji, kama tulivyomwita, alikuja jioni na mwalimu. Susu alitarajia ndevu na kanzu. Alipata kaptura, magoti mekundu na kofia ya kampuni ya mabomba. Babu alikuwa kibarazani na koti lake lote.

"Karibu nyumbani kwako," Susu akamwambia.

Yule mtu alikuwa tayari amesimama. Alikuwa akitazama kibanda. Alikizunguka mara moja, akagusa magunia, akaitazama kalenda ya zabibu kwa muda mrefu. "Hii nani alifanya?" akauliza kwa Kiswahili alichookota mitaroni kwa vibarua.

"Ni sisi," akasema mwalimu.

"Kwa nini?"

Hakuna aliyewahi kutuuliza hilo. Susu alimwangalia kwa mshangao. "Si ni nyinyi mliambiwa?"

Hapo Babu akashuka kibarazani, maana alikuwa mtu wa kutimiza neno lakini si kabla ya kulikagua. "Bwana," akasema, "wewe ni Myahudi?"

"Ndiyo."

"Na kwenu wewe hukaa kwa kibanda kama hiki?"

Yule mtu akajikuna shingo. "Mimi? Hapana. Mimi hapana mtu ya dini. Tangu babu yangu alikufa, hapana ingia tena."

Babu akamgeukia mwalimu, akasema kwa Kikamba, kwa sauti ambayo Susu angeisikia, "Huyu ni Myahudi vile mbuzi wa Krismasi ni Mkristo. Yuko kwa sikukuu, lakini si kwa kupenda kwake." Akarudi kibarazani, akaketi, akafungua gazeti la mwezi uliopita.

Nilitaka kulia. Binamu zangu wakawa wanatazama miguu yao. Susu alisimama na mwiko mkononi mpaka supu ikaanza kushika chini, kisha akasema, "Sawa. Kwani aliyesahau hali chakula? Mwanangu, inama uingie, paa ni fupi."

Akainama, akaingia. Tukala muthokoi, mahindi yaliyotwangwa kuondoa maganda, na kuku ambaye asubuhi yake alikuwa bado na mipango. Mtu wa Maji akaanza kula. Kisha akaangalia juu kupitia matawi, mahali mbingu ilipokuwa ikigeuka zambarau, akaacha kutafuna. Babu yake, alisema, na mwalimu akatusaidia pale Kiswahili chake kilipokatika, alikuwa akilala chali ndani ya kibanda kila mwaka kuhakikisha kwamba nyota zinaonekana. Paa lisiloonyesha nyota halikufaa. Susu akaangalia juu haraka.

"Hili?"

"Hii mzuri," akasema. "Hii babu yangu angekubali."

Sijui kama umewahi kuona mwanamke wa miaka sitini akishindwa kuweka tabasamu mahali. Alilificha ndani ya chungu, akampakulia tena. Mtu wa Maji alizidi kuchangamka. Kitu kimoja tu, alisema, babu yake hakukipenda: mvua. Ikinyesha mpaka chakula kikaharibika, watu huruhusiwa kurudi ndani ya nyumba, na mzee yule alirudi kwa huzuni, kama mtumishi aliyempelekea bwana wake maji ya kunywa akamwagiwa usoni. Mvua huombwa sikukuu inapoisha. Kwanza sikukuu, halafu mvua.

Mwalimu alipomaliza kutafsiri, Susu alikuwa ameacha kula. "Mvua iwafukuze mezani?" akauliza. "Mvua?"

Sahani ya Babu, iliyocheleweshwa na mgeni, nikaipeleka kama kawaida. Nilikuwa kibarazani niliposikia harufu, ile ya vumbi linaloamka, ambayo tulikuwa hatujaisikia tangu mwaka uliotangulia. Kisha tone moja likagonga bati. Kisha matano. Kisha bati lote likaanza kunguruma.

Kule nyuma ya jiko niliona Mtu wa Maji akiinuka na sahani yake, kwa desturi ya utotoni ambayo hakujua kuwa bado anayo. Na nikaona mkono wa Susu ukimshika kaptura na kumrudisha chini. "Keti, mwanangu," sauti yake ilipenya ngurumo. "Hapa kwetu mvua haitufukuzi. Tumeitafuta."

Wakaketi. Maji yalipita katika matawi kama katika chujio. Binamu zangu walipiga kelele za raha, mwalimu alifunika supu kwa kofia, mapapai yalitikisika.

Babu aliweka sahani yake juu ya gazeti. "Hawaingii ndani?" akaniuliza.

"Hapana."

"Hata yeye?"

"Hata yeye anacheka."

Akageukia kibanda. Sikuona uso wake, niliona shingo yake, ambayo ilikuwa ya mzee kuliko nilivyodhani. Kisha akavua koti, akalitundika kwenye msumari, akachukua kigoda chake, akakiweka kichwani kama mwavuli, akavuka ua. Nami nyuma yake na sahani ileile, kwa mara ya kwanza nikiirudisha ikiwa imejaa.

Akasimama mlangoni pa kibanda, ambapo hapakuwa na mlango. "Hodi."

Susu alikuwa hatua mbili kutoka kwake. Alimwona tangu vidole hadi kigoda. "Nani?"

"Ni mgeni," akasema Babu. "Mume hayumo katika ile orodha ya Musa, nimehakikisha. Lakini mgeni yumo."

Susu akasogea kwenye mkeka. "Karibu mgeni," akasema. "Umechelewa. Supu imeongezeka maji."

Ile ilikuwa mvua ya Elnino, ingawa siku ile hatukuijua kwa jina. Ilinyesha sikukuu nzima na haikujua kuacha. Siku ya nne paa la kibanda lilianguka juu ya chai, mto ukachukua vipimo vyote vya Mtu wa Maji, na jirani mmoja akapita akiwa amejifunika gunia, akaita, "Mwaitu, hiyo sikukuu yako si uifunge sasa? Shamba limetosheka!" Na kila mwaka tangu hapo, mpaka alipozikwa, Babu alipiga hodi kwenye kibanda, akajitambulisha kuwa mgeni, akala, akarudi kibarazani bila kukiri kwamba ameshika sikukuu ya mtu. Zile nguzo hatukuzing'oa tena. Zilikuwa zimelewa maji, zikatoa majani.

Siku hizi mwezi naupata katika simu, na hakuna anayenipa muwa. Chapati inauzwa kila kona Syokimau ninakoishi, unaila Jumanne ukiwa umesimama, na haina mateso wala utukufu. Mwaka mmoja nilijaribu kibanda kwenye roshani ya ghorofa ya tatu. Nilipoangalia juu nikaona sakafu ya jirani, na mlinzi wa nyumba akaja kuniarifu kwa adabu kwamba ni marufuku kuuza mboga humu ndani.

Mpima ardhi alikuwa akingoja. Mstari wa mpaka mpya, alisema, unapita katikati ya ile miti, mmoja lazima uondoke. Nikamwambia, kwa sauti ambayo sikuijua kuwa ninayo, ausogeze mstari. Kisha nikaenda mpaka pale penye mraba, na miguu yangu ikakataa kuingia. Nilisimama na viatu vyangu visivyofaa, nikasema, "Hodi."

Mtoto wa binamu yangu, aliyekuja kumfuata mbuzi wake, alinikodolea macho. "Auntie, unapigia nani hodi? Si hakuna nyumba hapo."

"Najua," nikamwambia. "Haikukusudiwa kubaki."